Mtutu wa Kupulizia Moto

Kazi niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kufanya ilikuwa kuzungusha gurudumu la baiskeli lisilokwenda popote. Lilifungwa kwenye kiunzi cha mbao, na mkanda uliokatwa kwenye tairi kuukuu ukatoka kwake mpaka kwenye feni ndogo. Feni ilisukuma hewa ndani ya bomba fupi la chuma lililoingia chini ya mkaa. Nilipozungusha, mkaa uliwaka mwekundu, kisha mweupe, na mzee mmoja mfua chuma alichomoa mtaimbo wa mtu wa machimboni, akauweka juu ya fuawe na kuugonga ncha mpaka ukawa mkali tena.

Haya yalikuwa Mwakirunge, upande wa Kisauni, ambako huku watu wanavunja mawe na kule malori yanamwaga taka za mji. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Tangu nilipoacha shule darasa la sita sikuwa nimekaa kazi moja mwaka mzima.

Nayaandika kwa sababu nina shukrani ambayo sikuwahi kuitamka vizuri, na kwa sababu mdomo wangu ulikaribia kumzimia mzee yule moto wake.

Mimi ni mtu wa Likoni. Nimeuza maji baridi kwenye foleni ya feri, nimekuwa taniboi wa malori ya Changamwe, nimelinda bohari la ngano, nimepaka rangi matangi nikiwa nimening'inia kwa kamba. Niliwahi pia kufagia kwa miezi miwili jumba la makumbusho kule kisiwani, na kwa kuwa nilifagia polepole, nilisoma kila kibao. Mama yangu alidhani nina mkosi. Mimi naona nina udadisi tu. Nikishajua kitu kinavyofanya kazi, miguu inaanza kuwasha.

Hata Mwakirunge nilikwenda hivyo hivyo. Siku moja nilipanda lori la taka kwa sababu nilitaka kuona uchafu wetu unaishia wapi. Nikauona, nikausikitikia, nikawa natafuta njia ya kurudi niliposikia nyundo ikilia ng'we, ng'we, kimya, ng'we. Nikaufuata mlio mpaka kwenye banda la mabati. Ndani alikuwemo mzee mwembamba mwenye aproni ya ngozi, anazungusha gurudumu kwa mkono mmoja na kushika koleo kwa mkono wa pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wataka nini?"

"Nataka kuona tu."

Akaniangalia kuanzia viatu. "Kuona hakuchoshi mtu. Haya, zungusha huku waona."

Nikazungusha. Jioni akanipa muhogo wa kuchemsha na chai yenye sukari kama sharubati, na kesho yake nikarudi. Sikuulizwa cheti wala nilikotoka, ila alijua kwa lafudhi, akawa ananiita Mlikoni. Mwaka wa kwanza ukapita na miguu haikuwasha.

Nilidhani kufua chuma ni nguvu, kumbe ni macho. Alinifundisha kusoma rangi ya chuma kinapopoa, kwamba ikifika rangi ya majani makavu ndipo ukitie maji, na ukichelewa mpaka kikawa cha buluu umeharibu kazi ya mtu. Mtaimbo ulionolewa vibaya humrudishia mwenyewe jiwe usoni. Kwa hiyo watu wa machimboni walimheshimu, ingawa walimtania. Pale machimboni hamna asiyetaniwa.

Kulikuwa na kazi moja tu ambayo hakuniruhusu kuigusa. Kila baada ya miezi kadhaa udongo unaoshika bomba la hewa hupasuka, na inabidi bomba litolewe, lisuguliwe, lipakwe udongo mpya wa kichuguu na kurudishwa. Siku hiyo hunituma sukari. Duka lilikuwa mbali, na nikirudi nakuta bomba limeshalala mahali pake, udongo mbichi, na mzee ananawa mikono kama mtu aliyemaliza kuosha maiti.

Mwaka wa pili akaungua kiganja. Udongo ukapasuka kabla hakijapona. Akazunguka banda mara mbili tatu, akakohoa, kisha akasema, "Mlikoni, leo utalitoa wewe. Ukilirudisha, upande wenye alama uweke chini."

"Kwa nini chini?"

"Ndivyo alivyokuwa akiweka baba."

Kumwambia mtu kama mimi kwamba kuna upande wenye alama na kisha kumtaka asiuangalie ni kumwonea. Alipotoka kwenda kuketi kivulini nikalisugua bomba kwa majivu na tambara. Lilikuwa zito kuliko bomba lolote la maji, nene, urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole. Upande ulioingia motoni ulikuwa umelika kama jino bovu. Upande wa nje ulikuwa mzima, na juu yake paligongwa herufi mbili na namba. Ubavuni palikuwa na kitundu kidogo kilichozibwa kwa shaba.

Kitundu kile nilikijua. Nilikuwa nimefuta vumbi juu ya ndugu zake miezi miwili. Lile halikuwa bomba. Ulikuwa mtutu wa gobori, zile bunduki za kizamani za kushindilia baruti mdomoni, na kitundu ndipo cheche ilipoingilia.

Nikaurudisha alama chini, kama nilivyoambiwa. Lau ningeishia hapo. Lakini saa nne nilikwenda kibanda cha chai, na wavunja mawe walikuwa wamejaa.

"Jamani," nikasema, "mwajua mitaimbo yenu inanolewa kwa kitu gani?"

"Kwa nyundo," akajibu mmoja, kijana wa bara mwenye mabega kama mlango. "Na matusi ya mzee."

"Inanolewa kwa bunduki."

"Mlikoni, wewe umevuta nini?"

Nikawaeleza yote, alama, namba, kitundu, nikafurahia walivyonitolea macho. Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mchana ule ule mmoja akaja bandani, akasimama wima mlangoni na kupiga saluti. "Jenerali! Naleta sururu, iko tayari kwa vita." Wa pili akainua mikono juu. "Usinifyatulie, mzee, nina watoto."

Mzee hakucheka wala hakukasirika. Alishika nyundo bila kuinua, akaniangalia mara moja, akaendelea na kazi.

Ingeweza kuishia kwenye mzaha. Lakini Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mzee wa mtaa alisimama uani kanisani na kusoma tangazo. Serikali ilikuwa imetoa muda wa kurudisha silaha zisizo na kibali. Atakayerudisha kwa hiari hatashtakiwa, atakayekutwa nayo baadaye ajilaumu mwenyewe. Akasoma polepole: bunduki, risasi, au sehemu yoyote ya bunduki. Wavunja mawe wakageuka wote kumtazama mfua chuma wetu, aliyekuwa bado na kitabu cha nyimbo mkononi, maana alikuwa anaimba sauti ya nne. Kijana wa bara akakohoa kwa mzaha na kupiga saluti. Watu wakacheka. Mzee akafunga kitabu.

Jumatatu nilifika bandani nikakuta hakuna moshi. Sijawahi kuliona jiko lile bila moto asubuhi. Mkaa ulikuwa umetolewa, udongo umevunjwa, na mzee ameketi juu ya kigogo amevaa koti la harusi na misiba. Mapajani amelaza mtutu, ameufunga ndani ya foronya yenye maua ya kutarizi, kazi ya marehemu mkewe.

"Umesikia mwenyewe," akasema. "Sehemu yoyote."

"Mzee, hilo ni bomba la moto."

"Ni sehemu."

"Basi tulitupe jalalani. Pale hata ndovu akitupwa haonekani."

"Kitu cha serikali hakitupwi." Akalipapasa kupitia kitambaa. "Baba aliniambia, hiki ni chao, wakikitaka uwape. Wamekitaka."

Nikamwambia nitakwenda Changamwe nimtafutie bomba nene, nawajua wauza vyuma wa kule. Akatikisa kichwa. Aliwahi kujaribu la maji, likayeyuka siku ya nne. La pili likapasuka na kumwagia makaa miguuni. Lakini nilijua hiyo siyo sababu yenyewe. Alikuwa na miaka inayokaribia themanini. Jiko lile lilijengwa kuzunguka kile kipande cha chuma, na yeye vilevile.

"Nikiwapa hiki," akasema, "nafunga banda. Sina umri wa kuanza kuzoeana na bomba jipya. Wala wa kulala mahabusu."

"Tangazo limesema hawashtaki."

"Hata wale wa zamani waliambiwa hivyo hivyo."

Tukatoka kwenda polisi. Kufika barabarani kutoka kwake ni mwendo wa nusu saa kati ya mashimo ya mawe, na ndipo aliponieleza, bila kunitazama, akitembea na foronya kifuani.

Babake alikuwa mfua chuma huko bara ya Giriama, kijana ambaye hata ndevu hazijakomaa. Zama zile kila mwenye shamba alitaka gobori. Nguruwe walikula muhogo, ndovu walikula mahindi, na mlio wa baruti ndio uliowafukuza. Bunduki zilipanda kutoka pwani kwa wafanyabiashara, zikabadilishwa kwa pembe, sandarusi na nafaka. Kisha mzungu akaleta sheria yake. Bunduki nzuri, ya kupiga mbali na kupiga haraka, Mwafrika asiuziwe kabisa. Gobori ruhusa, lakini iletwe ofisini igongwe alama. Na baruti isikae tena dukani kwa mtu, ikae ghala moja la serikali. Ukiitaka uende na bunduki yako yenye alama upimiwe kidogo.

"Watu walifurahi," akasema mzee. "Waliona alama ni heshima. Wengine waliisugua kwa mafuta ya nazi ing'ae."

"Halafu?"

"Halafu kukazuka ubishi. Watu walikataa kwenda kazi za lazima. Mzungu akasema bunduki zote zirudi, hata zenye ruhusa. Na hakuhangaika kuzitafuta, Mlikoni. Kila namba ilikuwa na jina la mtu daftarini."

Akanyamaza mpaka tukalipita shimo kubwa ambamo wanaume walikuwa wakigonga jiwe kwa mitaimbo butu. Mmoja alitupigia kelele, "Jenerali, ncha zimekufa huku!" Mzee akainua mkono, akaendelea.

Zilirundikwa mbele ya ofisi ya mzungu. Sasa zifanyweje? Kuzituma pwani zikiwa nzima waliogopa zingeibwa njiani. Wakamwita mfua chuma wa karibu. Alipewa siku kadhaa, mkaa na askari wa kumsimamia. Kila mtutu utiwe moto, ukatwe vipande vitatu, kitundu kizibwe. Vitako vya mti ndivyo vilivyokuwa kuni. Vipande vilibebwa na wapagazi mpaka pwani, vikapakiwa mashuani na kumwagwa baharini penye kina. Babake alizijua bunduki zile moja moja. Ile yenye waya wa shaba ya fulani, ile yenye sarafu iliyopigiliwa kitakoni ya fulani. Wenyewe walisimama nje ya ua wakitazama.

Kufikia siku ya mwisho bomba lake la udongo lilikuwa limevunjika kwa kazi nyingi. Akalalamika. Mzungu akaokota kipande rundoni, chenye alama, akamtupia. Mkalimani akasema, bwana asema upulizie hiki, ni mali ya serikali, wakikitaka watakuomba.

"Akakitazama namba," akasema mzee. "Baba hakujua kusoma, lakini namba zile alizigonga mwenyewe, mwaka wa ruhusa. Kilikuwa cha kaka yake. Baba mmoja, mama mmoja."

Kaka yule hakusema naye tena mpaka kufa. Nguruwe walikula muhogo, na kila muhogo ulioliwa watu walisema mfua chuma ndiye aliyewalisha. Akahama, akaja huku penye mawe, ambako hakuna aliyemjua. Akalaza alama chini, na mwanawe akaendelea kuilaza chini.

Nilitaka kumwambia ni mimi niliyesema kibandani. Nilifungua mdomo mara tatu. Mdomo uliokuwa mwepesi mbele ya wavunja mawe ukawa mzito kama fuawe.

Kituoni palikuwa na polisi wa kike mezani, kijana, anaandika. "Sema, mzee. Shida gani?"

Mzee akasimama kimya. Akaulizwa tena. Kimya. Mimi nilielewa, nikamnong'oneza yule binti kwamba bado hajamwamkia mzee. Akacheka kidogo, akaweka kalamu chini. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta bunduki."

Polisi mmoja aliyekuwa akila andazi alilishusha. Mzee akafungua foronya taratibu, ua baada ya ua, akaweka mezani kile kipande kilicholika, na masizi yakamwagika juu ya daftari.

"Hii?" akasema binti. "Babu, hii si ya kupikia?"

"Ni sehemu ya bunduki. Ina namba. Andika."

Hakujua aandike nini. Daftari lilikuwa na mahali pa aina ya silaha, pa namba, pa idadi ya risasi. Akaenda kumwita inspekta, mwanamume mnene wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mwangalizi wa ghala la silaha. Alitoka na uso wa mtu aliyekatizwa chakula. Lakini alipouona mtutu, uso ulibadilika. Akaushika kwa mikono miwili, akaupeleka dirishani, akautemea mate na kuusugua kwa kidole gumba.

"Aliyesema hii ni bunduki ni nani?" akauliza.

Nilijua mzee anajua. Mtu mmoja tu alikuwa amelitoa bomba lile mbali naye.

"Ni mimi niliyesema," mzee akajibu.

"Si yeye," nikasema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Ni mimi, afande. Niliisugua, nikaona, nikaenda kutangaza kwenye chai. Yeye alikuwa kimya na kazi yake. Kama kuna wa kuandikwa, niandikeni mimi."

Inspekta akanitazama juu ya miwani. "Na wewe nani kwake?"

Nikatafuta jibu. Sikuwa mwanawe, sikuwa mpwa, sikuwa hata mtu wa huko. Mzungushaji wa gurudumu si cheo.

"Ni fundi wangu," akasema mzee.

Nimeitwa mengi maishani, mengine hayaandikiki. Fundi sikuwa nimeitwa. Nilitazama sakafu.

Inspekta alimtaka mzee aeleze, na mzee akaeleza yote, safari hii bila kunyamaza katikati: alama, ghala la baruti, rundo, vipande vitatu, mashua, mkalimani, kaka. Polisi wa andazi alisogea. Binti alisahau kuandika. Alipomaliza, inspekta akachungulia ndani ya mtutu upande huu na upande huu, akauinua mdomoni na kupuliza kwa nguvu.

Masizi yalitoka upande wa pili yakampata binti shatini. Inspekta aliposhusha mtutu alikuwa na duara jeusi kuzunguka mdomo, safi kama lililochorwa kwa bilauri. Hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha binti akashindwa, akacheka kwa kwikwi, na kituo kizima kikamfuata, mpaka mahabusu mmoja akauliza kutoka ndani kuna nini.

"Cheka tu," inspekta akasema, akijifuta na kujipaka zaidi. "Mzee, nisikilize. Miezi yote hii naletewa bunduki, naziandika, zinangoja siku ya kuchomwa moto. Hiyo ndiyo kazi, kuzichoma zisitumike tena. Sasa hii ilikuwa na urefu gani alipopewa baba yako?"

Mzee akanyoosha mkono mzima, mpaka begani.

"Na sasa ni hii." Akapima kwa shibiri zake. "Karibu nusu imekwisha. Imekwenda wapi?"

"Motoni."

"Basi baba yako alipewa kazi ya kuiharibu bunduki hii, na wewe umeendelea nayo mpaka leo. Kazi haijakamilika. Unataka kuniletea mimi niimalizie?" Akaukunja mtutu ndani ya foronya, vibaya, ua likatoka nje. "Rudi uendelee. Mpaka iishe."

Mzee hakuipokea. "Ni ya serikali," akasema. "Baba alisema."

Hapo inspekta aliacha mzaha. Alivua miwani. "Wale waliosema hivyo walishaondoka, mzee. Mimi ndiye wa serikali niliyepo hapa leo, na mimi sijui bunduki hii. Najua bomba la mfua chuma. Ni lako."

Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Hakusema asante. Aliinamisha kichwa kama anavyoinamisha kanisani, na inspekta, na lile duara lake jeusi, naye akainamisha. Mtu yule sijui alipo sasa, lakini namwombea. Angeweza kutuweka benchi mpaka jioni kwa ajili ya mahali patupu kwenye daftari. Angeweza kuupeleka ghalani pamoja na zile nyingine na kulala usingizi mzuri.

Njiani kurudi nilimwomba mzee msamaha. Nilisema yote niliyoshindwa kusema asubuhi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Sukari ilikuwa imejaa kopo. Nilikosa pa kukutuma."

"Sasa kwa nini hukunifukuza?"

"Nikufukuze, azungushe nani?"

Tukatembea. Mbele kidogo akaongeza, kwa sauti ya chini, "Nimekaa na jambo lile tangu baba alipokufa, sina wa kumwambia. Mke wangu sikumwambia. Leo nimewaambia polisi." Akatikisa kichwa kama mtu anayeshangaa mwenyewe, na nikaona anatabasamu.

Bandani wavunja mawe walikuwa wanatungoja, wamekalia mitaimbo yao, vumbi jeupe hadi kwenye kope. Habari ilikuwa imefika kwamba mzee amepelekwa kituoni. Mmoja aliinuka, yule yule kijana wa bara. Hakupiga saluti. "Wamekuachilia, mzee? Sisi tulikuwa tunachanga akili tuje kukudai."

"Mngenidai kwa ncha zipi?" akasema mzee, akivua koti. "Zote butu."

Nikakanda udongo wa kichuguu. Nikausugua mtutu, nikaupaka, nikaushusha mahali pake, na mikono yangu, kwa mazoea, ikaugeuza alama chini.

"Geuza," akasema.

Nikamtazama.

"Geuza, Mlikoni. Alama juu."

Nikaugeuza. Namba ikakaa juu, nje ya udongo, mahali ambapo kila anayeleta mtaimbo angeiona. Yule kijana akainama, akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja. "Hii namba ya nini, mzee?"

Mzee alitazama mkaa ambao haujawaka. Kisha akalitaja jina la mtu, jina kamili, na la babake, na la babu. Mimi silitaji hapa, ni lake kulitaja. "Baba yangu mkubwa," akasema. "Hii ilikuwa yake. Baba yangu aliikata. Ketini niwaambie, lakini kwanza moto."

Nilikaa naye miaka mingine miwili. Miguu ilipoanza kuwasha alinipa koleo lake la zamani na hakuniuliza nakwenda wapi. Leo nina jiko langu dogo huku Likoni, nanoa majembe na mapanga. Bomba langu ni la kawaida, nabadilisha mara kwa mara, nalaani kila mara. Nikipata nafasi navuka feri na kwenda Mwakirunge kumwamkia. Yupo, bado anagonga. Kila nikifika napima mtutu kwa shibiri kabla sijaketi. Moto unazidi kuikaribia namba, imebaki shibiri moja na vidole vitatu.

"Ukiifikia?" nilimuuliza mara ya mwisho.

"Kazi itakuwa imekwisha," akasema. "Zungusha."